Sufuria Ambayo Bibi Haikwangui

Neema amepiga limau kwa mwiko wa bugali, ugali wa kwetu, sasa hivi. Limau limepita dirishani na kuanguka uani, kwenye nguo za watu zilizoanikwa chini ya bati. Ana miaka sita. Alisimama katikati ya jiko, miguu ameitanua, mwiko ameuinua juu ya bega, akajirushia limau mwenyewe, akapiga. Kisha akaniangalia, na wala hakuwa na woga. Alikuwa anangoja makofi.

Nimemnyang'anya mwiko. Niko nao hapa mapajani ninapoandika.

Makofi nimempigia, ila moyoni.

Ni Jumamosi. Mvua inanyunyiza tangu alfajiri, ile mvua ya Durban isiyonyesha ikaisha, na hewa ni nzito kama chini ya mashine ya kukaushia nywele. Besiboli ya watoto imeahirishwa, ndiyo maana limau limeteseka. Baba Neema yuko Jacobs, kiwandani. Mimi nimeomba ruhusa saluni. Nimewaambia tumbo linaniuma. Tumbo haliumi. Nilitaka tu kuwa karibu na Bibi leo.

Bibi yuko chini, amekaa kwenye ngazi mbele ya mlango wa MaMandla, na sindano zake za kufuma. Ni mama yangu mzazi. Tangu nilipozaa hakuna anayemwita jina lingine, hata mimi.

Niseme kwanza MaMandla ni nani. Nyumba yetu hapa Glenwood ni ya zamani, kubwa, imekatwa vyumba. Juu tuko sisi na wanafunzi wawili, chini yuko MaMandla, mama wa Kizulu, mjane, ana mtoto mmoja tu, Mandla. Yeye na Bibi hawana lugha moja. Wana maneno machache yanayofanana. Mtu ni umuntu, nyama ni inyama, kuona ni ukubona. Kwa maneno hayo wamejenga urafiki ambao mimi na shule yangu ya darasa la sita siwezi kuueleza. Siku moja watu walikuja getini wanapiga kelele wakitaka wageni watoke. MaMandla alitoka na ufagio, akasimama, akawaambia humu ndani wanakaa watu wake. Wakaondoka. Jioni Bibi alimpelekea sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Halikuzungumzwa tena.

Mandla ni askari.

Ndiye pia aliyeleta besiboli nyumbani kwetu. Hapa kila mtoto ni mpira wa miguu, lakini yeye alikulia kwenye besiboli, na kila akipata likizo alikuwa anamfundisha Neema uani. Mwanzo walipigia soksi iliyoviringishwa, baadaye mpira wenyewe. Akamwandikisha kwenye mazoezi ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku wanawake wote wa mji wanataka kusuka, kwa hiyo mimi niko kazini, na anayempeleka Neema ni Bibi.

Nilidhani atachoka. Mchezo wenyewe ni mrefu, mtu anarusha, mtu anakosa, mtu anarusha tena. Siku niliyokwenda kumwona nilimkuta amekaa juu ya ndoo ya rangi aliyoipindua, karibu na waya, anafuma na kupiga kelele kwa Kiswahili kwenye uwanja ambao hakuna anayekisikia.

"Weye mrefu! Unarusha kama unafukuza kuku!"

Yule mtoto mrefu akampungia mkono. Wazazi wengine wakapiga makofi, wakadhani ni baraka.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza anapenda nini katika mchezo ule. Akafikiri mpaka tukavuka roboti, zile taa za barabarani. Akasema anampenda yule mtoto anayewekwa nyuma kabisa, mbali na wenzake, kwenye majani marefu. Anavaa glavu mchezo mzima. Mpira haumfikii. Jua linampiga, hakuna anayemwangalia, lakini hawezi kukaa chini wala kuvua glavu, maana siku mpira utakapokuja utakuja kwake peke yake.

"Ule ndio mama," akasema. Kisha akaniuliza kama vitunguu vimebaki nyumbani.

Sasa habari ya askari.

Bibi hapendi askari. Sitaki kuandika mengi. Nilikuwa na kaka, Bahati, kifungua mimba wake. Kule kwetu Uvira, Congo, alitoka asubuhi kwenda kuuza mawese sokoni, watu wenye sare wakampandisha kwenye gari. Hakurudi. Hatujui walikuwa wa upande gani, na Bibi anasema hilo halina maana, sare ni sare. Hapa Durban mpaka leo akiona hata mlinzi wa duka la nguo anavuka barabara.

Kwa hiyo Mandla alipopanda juu na sare yake kutuaga, Bibi aliingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. Mandla aliaga mlango. Akasema anatumwa Congo, upande wa Kivu, akasema, "Sharp, Gogo," yaani kwaheri, Bibi, akashuka.

Kesho yake asubuhi Bibi alishuka mwenyewe kwa MaMandla. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa Kizulu changu cha saluni. Swali lake lilikuwa moja.

"Amebeba sweta?"

MaMandla akacheka mpaka akashika mlango. Hawu, Mama, Congo ni joto! Mtoto amebeba mafuta ya jua!

Bibi hakucheka. Akasema chini kwenye ziwa iko joto, ndiyo. Lakini askari hawawekwi ziwani, wanawekwa milimani, na kule juu asubuhi unaweza kukuta ndoo ya maji imeganda ngozi ya barafu. Akarudi juu, akafumua sweta langu la zambarau ambalo bado nilikuwa nalipenda, akaanza kofia.

Kofia ilisafiri na askari mwenzake aliyekuwa anafuata nyuma. Baadaye ikaja picha kwenye simu ya MaMandla. Mandla amevaa kofia ya zambarau, ukingo wa njano, anacheka, na nyuma yake wenzake wananyoosha mikono kama watoto wanaoomba pipi. Ujumbe ulisema, Gogo, hawa wote wanataka. Tangu hapo nyumba hii haina sweta. Bibi amefuma za waridi, amefuma za kijani, moja ina nusu soksi ya Neema ya besiboli. Mashuka tu ndiyo yamesalimika.

Maneno hayakukosa. Saluni, mama mmoja wa kwetu niliyekuwa namsuka aliniambia kwenye kioo, "Mama yako anafumia jeshi? Jeshi gani lilitusaidia sisi?" Nilimpelekea Bibi swali hilo kama lilivyo.

"Mimi sifumii jeshi," akasema. "Nafumia kichwa cha mtoto wa MaMandla."

Kisha simu ikanyamaza.

Tulisikia redioni kwamba kule alikoko Mandla kumepigwa. MaMandla alipiga simu kila mahali, akaambiwa asubiri. Akawa anasubiri. Alikuwa anafagia ua ambao umekwisha kufagiwa. Jioni ile, baada ya kula, niliosha vyombo kama kawaida, nikafika kwenye sufuria ya bugali. Ndani kulikuwa na kipande, kimefunikwa na sahani. Nikadhani amesahau. Nikachukua mwiko nianze kukwangua.

Bibi alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu, hata alama ilibaki.

Nikaelewa.

Kwetu, mtu wa nyumba akiwa njiani, mahali pabaya, bugali haliishi lote. Kinaachwa kipande chake, na sufuria haikwanguliwi. Asubuhi kile kipande anapewa mtoto, sufuria inalowekwa maji mpaka ukoko utoke wenyewe, jioni mnapika upya na mnaacha tena. Anayekwangua ni yule mama aliyeacha, si mwingine, na anakwangua kwa mwiko siku msafiri amefika, ili ule ukoko aule yeye wa kwanza. Ukikwangua kabla, ni kama umesema haji.

Nilikua na sufuria hiyo. Utoto wangu wote kulikuwa na kipande cha Bahati. Wageni wakija hakiguswi, njaa ikija hakiguswi. Na asubuhi tuliyoondoka Uvira, mizigo imefungwa, gari linangoja, Bibi aliingia jikoni peke yake na tukasikia kutoka nje. Alikuwa anakwangua. Ukoko aliukwangua wote, akatoka nao kwenye sahani, akatugawia. Tuliula tumesimama. Hakulia, na sisi hatukuthubutu.

Tangu siku ile hakuwahi kumwachia mtu yeyote kipande. Hata Baba Neema alipolazwa, hata mimi nilipokuwa leba. Nilifikiri mlango ule ameufunga. Kumbe aliukuta tena, na aliyemfungulia ni askari.

Naandika hivi kwa utulivu, lakini niseme ukweli wangu, hapa mtandaoni ambapo wateja wangu wengine wanasoma. Mimi simwogopei sana Mandla. Namwogopea Bibi. Mtu anaweza kukwangua sufuria ile mara moja katika maisha akabaki mtu. Mara ya pili sijui.

Jana MaMandla alipigiwa simu. Kundi la askari linarudi leo, wazazi waende kambini kuwapokea. Aliuliza kama jina la mwanawe limo. Akaambiwa majina yatajulikana hapo hapo. Ameondoka leo kabla ya jua, amevaa nguo ya kanisani na viatu vinavyombana. Bibi alimsindikiza mpaka getini. Hata yale maneno yao machache hawakuyatumia. Bibi alimfunga vizuri kitambaa cha kichwa, akarudi akakaa kwenye ngazi.

Mchana amepanda mara moja tu, kupika. Tumekula na maharage. Ameacha kipande, kikubwa kuliko vya siku zote, akafunika na sahani, akashuka tena. Sufuria iko pale juu ya jiko, naiona nikiinua macho. Neema ameniuliza kwa nini cha Mandla ni kikubwa kuliko chake. Nimemwambia kwa sababu yeye ametoka mbali. Nimesema ametoka, kama aliyekwisha kufika. Ulimi wenyewe umesema, nami sikuurudisha.

Huenda ndiyo tumaini lilivyo. Linatangulia mdomoni.

Mara nyingi nawaza nitakuwa bibi wa namna gani. Sijui kufuma. Besiboli bado naichanganya, sijui nani ametoka na nani amebaki. Lakini nikimwona Neema amesimama na mwiko begani, macho kwenye limau lake, nawaza siku moja naye atakuwa njiani kwenda mahali, na itanibidi nijue kuacha kipande. Sitaki ajifunze jambo hili kwa maneno. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kushikwa mkono.

Mvua imepungua. Neema ameshuka kutafuta limau. Namsikia uani anabishana na mwanafunzi mmoja kuhusu shati lililochafuka. Anamwambia lilikuwa pigo zuri sana, huyo kaka angeona mwenyewe asingenuna. Yule kijana anasema, eish, wewe mtoto, shati la interview hilo! Neema anamwambia basi alifue tena, kwani maji yanatoka mbinguni bure.

Ningeshuka kumkanya. Nakaa.

Gari limesimama mbele ya geti. Hapa magari yanasimama mengi, wanafunzi wanaagiza chakula, watu wanateremka taksi pale kona. Nimekwisha kujizuia kuruka kwa kila gari tangu asubuhi. Mlango umefunguliwa, umefungwa. Mwingine umefunguliwa. Neema amenyamaza. Huyu mtoto hanyamazi bure.

Nasikia hatua za Bibi kwenye ngazi. Anapanda. Magoti yake yanauma, huwa anapumzika katikati na kulalamika, leo hapumziki. Ameingia jikoni, hakunitazama. Anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine.

"Mama Neema! Mwiko iko wapi?"

Bugali tumekwisha kula, jioni bado, hakuna kitu kwenye moto. Mwiko ninao mimi, hapa mapajani, na ananyoosha mkono wakati ile sahani ya kufunikia ameshaiondoa juu ya sufuria, na nyuma yake mlangoni kuna mtu mrefu aliyevua kofia ya zambarau.