Msitu Ulioitwa Kichaka

Ijumaa, Al-Suwaidi, Riyadh. Vumbi tangu alfajiri, hata jengo la mbele silioni vizuri. Leo simwendeshi madam, mwajiri wangu, popote. Nina siku nzima ya kumchukia Barasa, na nimeianza mapema.

Barasa ni rafiki yangu. Alikuwa. Sisi wawili ndio tuliokuwa wa kwanza kijijini kwetu kulala chini mbele ya misumeno ili msitu usikatwe. Watu walituita wakwe wa nyani. Tulikaa selo siku tatu kwenye mkeka mmoja, naye akanivisha sweta yake kwa sababu nilikuwa na homa. Kwa ajili ya sweta ile nilimwamini kupita kiasi.

Kazi ikatuleta huku, mimi dereva Riyadh, yeye mlinzi wa jengo Jeddah. Kila madam alipokwenda Jeddah kuwaona ndugu zake, nilikimbilia Ruwais, chumbani kwa Barasa, tukaandika ombi letu kwa bodi ya ardhi ya kaunti, msitu ulindwe. Yeye mwenyekiti wa kamati ya msitu, mimi katibu. Siku moja niliandika "kichaka" nikimaanisha ule upande wa chini wenye miti michache. Akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Usiwape neno hili. Msitu unalindwa na sheria. Kichaka hupewa mwekezaji." Nikaupiga picha ukurasa ule, maana nilijivunia kuwa na rafiki mwenye akili hivyo.

Mwaka huu mkataba wake uliisha, akarudi nyumbani. Sasa anatafuta udiwani.

Jumatatu alinitumia nakala ya mwisho ya ombi niitie sahihi kwenye simu. Nilikuwa nimeegesha gari Sulimaniyah, madam anatoka dukani na mifuko yake, ananihimiza, "Yalla, yalla!" Nikatia sahihi hapo hapo. Sikusoma hata mstari mmoja.

Ilitoka kwa Barasa, ningesoma nini?

Jana mtu akaiweka nakala ile kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Neno msitu halimo. Ni kichaka, kichaka, kichaka, hata pale penye chemchemi anapoteka maji mama yangu. Bodi inakaa Jumanne, na mwekezaji wa majani chai anangoja.

Nikampigia.

"Mwenyekiti, msitu umekuwa kichaka lini?"

Akacheka. "Katibu, acha hizo bana. Hiyo ni lugha tu. Miti si ni miti?"

"Na huyo mwekezaji ndiye anakulipia kampeni?"

"Wewe uko huko unabebea madam shopping. Mimi niko ground. Na sahihi ni yako, ama?"

Akakata simu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nakiri jambo moja. Asubuhi yote nilitaka kutuma ile picha ya kalamu nyekundu peke yake, aumbuke yeye, mimi nibaki mtu mwema wa mbali. Nilitafuta hata namna ya kuikwepa sahihi yangu. Lakini nisipoikana, Jumanne bodi itaishika karatasi ile na kusema katibu aliridhia.

Basi nimemwandikia karani wa bodi kwamba naiondoa sahihi yangu, kwa kuwa nilitia bila kusoma. Sijui kama itakubaliwa. Kisha nikaweka kundini picha ile, na chini yake maneno yale yale niliyomwandikia karani.

Haikupita muda, akina mama wa kijijini wakaanza kumuuliza Barasa maswali ambayo hakuna mgombea anayeyapenda. Wakatangaza kuwa Jumanne watafika wote mlangoni kwa bodi. Yeye akaniandikia neno moja pembeni: "Umenimaliza."

Nikalisoma mara tatu. Nikachemsha chai, nikainywa polepole nikilitazama. Nilifurahi. Nikisema nilimhurumia nitakuwa mwongo.

Halafu ukaingia ujumbe wa sauti wa mama. Nilidhani ananipongeza.

"Mwanangu, mimi huweka kidole kwa karatasi kwa sababu sikupelekwa shule. Wewe ulipelekwa."

Basi. Hata salamu hakuweka.

Nimeusikiliza tena na tena. Barasa nimemkomesha. Na huyu katibu, nimfanye nini?