Tamu ya Mama

Jumamosi, 5 Mei 1934

Tumbo tena. Nimekwenda choo cha kambi ya chai leo mpaka wanawake wa laini yetu ya nyumba wananiuliza kama nimehamia huko. Damu, kamasi, na maumivu ya kukunja mtu. Dresa wa dispensari alinidunga sindano zote za kuhara damu. Sindano zimekwisha, damu haijakwisha. Sasa hata magoti yanauma. Mimi sielewi huu ugonjwa. Kuna wiki napona bila dawa, nakula hata maharagwe, nadhani Mungu amenikumbuka. Halafu asubuhi moja – tena.

Mwanangu Kepher ameanguka akitoka mtoni. Ana miaka saba na bado anaanguka hovyo. Kuinuka kwake ni kazi: anashika magoti, anashika mapaja, anajipanda mwenyewe kwa mikono mpaka asimame. Na mashavu ya miguu yake yamejaa, manene, magumu. Nyapara anasema huyu atabeba magunia ya chai mawili mawili. Mtoto hawezi kubeba kibuyu! Hiyo nguvu imejificha wapi?

Jumatano, 9 Mei

Daktari mzungu amekuja dispensari. Huwa haji ila kwa nadra, kwa hiyo nimempeleka Kepher. Akamwambia alale chini, asimame. Alale tena, asimame tena. Akamwita arap Tonui, dresa wetu, aje atazame. Wakaminya-minya miguu. Kisha mzungu akauliza kama nina ndugu wa kiume. Nikasema nilikuwa na mmoja, Okeyo, alikufa mdogo. Alikufa kwa nini? Miguu. Nyumbani walisema amelogwa.

Mzungu akaongea Kiingereza kirefu. Arap Tonui akakikata kikawa kifupi: “Hii ukonjwa inatoka kwa tamu ya mama. Tawa hakuna.” Ni Mkipsigis, dawa kwake ni tawa, gari ni kari, tumemzoea. Mzungu akapanda motokaa akaenda. Habari ya tumbo langu sikuthubutu kuileta, wanaume walijaa pale.

Tamu ya mama. Nimejua mara moja. Ile sukari guru ninayompa Kepher! Nani amenisema?

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwambia mume wangu Owino alipotoka kiwandani. Yeye huchochea moto wa boila, si mtu wa maneno. Akasema, “Nilikwambia unamdekeza.” Ati mtoto mkubwa hivi bado yuko mgongoni kwa mama.

Basi nimekata kila kitu kitamu. Uji mkavu. Chai kavu. Kumbeba pia nimeacha. Leo ametambaa mpaka mlangoni, nikageuza uso nikajifanya napepeta mahindi. Ameniuliza amekosa nini. Nimesema hujakosa, ni dawa. Hakuuliza tena, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumatatu, 14 Mei

Nimekuwa mjinga wa kutosha.

Jirani yangu Kemuma, yule Mkisii, amenikuta namnyang'anya mtoto kipande cha sukari guru alichopewa na wenzake. Akauliza ni nini. Nikamweleza maneno ya dispensari. Alicheka mpaka akakaa chini. “Jerusa, umeishi na Wakipsigis miaka yote hii? Huyo alisema damu!”

Nimekwenda mbio kumwuliza mwenyewe. “Ndiyo, tamu,” akasema arap Tonui. “Hii nyekundu.” Akanionyesha kidole chake kilichokatwa na glasi.

Wazee husema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa kwetu wengi ndio wameliharibu. Nimerudi nyumbani, nimemtilia mtoto sukari mpaka chai ikakataa kuimeza. Nimembeba mpaka mtoni na kurudi, tumbo likiniuma njia nzima. Aliimba masikioni mwangu. Hakuninunia hata kidogo.

Lakini damu gani sasa? Hii ninayoimwaga chooni? Ile ya kumzaa? Au damu ya ukoo wetu, ndiyo maana aliuliza habari za Okeyo? Nilimbana arap Tonui, naye hajui. Mzungu alisema hivyo, yeye akasema hivyo. “Tamu ni tamu, mama Kepher.” Nimwulize nani mwingine?

Ijumaa, 18 Mei

Mama mkwe amefika kutoka ziwani. Owino alimtuma dereva wa lori amwite, mimi sikuambiwa. Kwetu mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, na sisi chumba ni kimoja, kwa hiyo analala kwa Kemuma.

Si mtu mbaya, huyu Akeyo. Ameleta samaki wakavu, tena wale wazuri. Alinishika mikono akaitazama, akakaa nayo muda. Kisha akasema: chira. Kukonda hivi, kuna mwiko umevunjwa. Mahindi yale nyuma ya nyumba, nani alianza kupanda, yeye kule nyumbani au mimi hapa? Mimi. Sikumngoja. Nikamwambia, “Mama, sisi ni Wakristo.”

“Hata mimi nimebatizwa, mwanangu,” akasema. “Lakini mahindi hayajabatizwa.”

Ndipo Owino akafungua kinywa akamwambia ile habari ya damu ya mama. Angenyamaza! Akeyo alivuta kigoda karibu. Akasema basi ndiyo hiyo. Mtoto anakausha mama, mama anamharibu mtoto. Watenganishwe, asile tena mkononi mwangu. Mimi nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Jumanne, 22 Mei

Kepher analala kwa Kemuma na dani, bibi yake, tangu Ijumaa, na kula anakula huko huko. Na mimi – hakuna damu. Tumbo limenyamaza kabisa. Nimekula ugali na samaki nikalala usingizi wa watu. Naogopa kufurahi.

Mama mkwe anatazama tu sahani yangu ilivyokwisha. Owino ndiye aliyesema, “Umeona?” Nikamwambia hata mwezi wa tatu damu ilikatika yenyewe, na mtoto alikuwa ubavuni mwangu. Akasema labda. Hata mimi moyoni nasema labda. Ndiyo shida yangu.

Kama ni kweli, mbona yeye hapati nafuu? Leo ameshindwa kupanda kizingiti cha Kemuma. Mimi nimepona, yeye amezidiwa. Sasa nani alikuwa anamkausha nani? Nikifika hapo kichwa kinagoma.

Ijumaa, 25 Mei

Owino amekata shauri. Jumapili lori la Mhindi wa dukani linashuka njia ya Sigowet mpaka Sondu. Mama yake atakwenda nalo, na Kepher. Mpaka lini? Hajui. Mpaka tuone.

Nilipiga kelele. Nilisema huyu mtoto ni wangu, nimemzaa mimi, na ni nani kule ziwani atakayembeba mpaka chooni akishindwa kabisa? Akasema, “Ni wangu pia. Na wewe nakutaka ukiwa hai.” Alisema akitazama chini. Tangu anioe hajawahi kuniambia neno kama hilo. Kelele zikaniishia. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 27 Mei

Damu imerudi alfajiri. Nyingi.

Nimeshukuru Mungu kwa damu, mimi! Mtoto hajalala kwangu siku zote hizi, hajala kwangu, na imerudi vilevile. Basi si yeye. Nimetoka chooni nimeficha nguo yenye damu chini ya leso, nikienda kumwonyesha Owino, Akeyo, Kemuma, kambi nzima kama wakitaka.

Nimemkuta Kepher kitandani kwangu. Kemuma amemvika shati jeupe, amemleta aniage. Uso unang'aa. Amesema alimsikia dani akimwambia baba kwamba yeye ndiye anayemaliza damu yangu. “Nilitoka hapa ukapona,” akasema. “Sasa nakwenda mbali. Kwa Kemuma ni karibu, nyumbani ni mbali, utapona kabisa. Si damu imekatika, Mama?”

Hajawahi kushinda kitu huyu mtoto. Si mbio, si mti, si kizingiti. Nikimwambia imerudi, namnyang'anya hiki kimoja. Na huenda akasema ni kwa sababu hajafika mbali bado – na mimi nitajibu nini, nami sijui? Nikimwambia imekatika, anakwenda.

Honi imelia dukani. Owino anaita nje, ameshabeba mzigo. Kepher ameuliza swali lake mara ya pili. Nimemwambia angoje kidogo, namaliza kuandika.