Makasha ya Vitabu vya Baba

Fumiyo uko?

Vile vitabu alivyoniachia baba, riwaya zote za samurai za mwandishi aliyempenda, kila kimoja na kasha lake la kadibodi. Makasha ni matupu. Yote. Kumbe kila Jumapili nilikuwa napangusa vumbi makasha matupu.

Nimejuaje? Bi Sonobe, yule anayesoma na mume wangu darasa la desturi za kuandaa chai, kaja mlangoni na mochi, vile vikeki vya mchele, kainama mpaka chini. Eti, "Samahani dada, Tetsuro alinipa vitabu akasahau makasha."

Tetsuro, mume wangu huyo. Hata "Bwana" hakuna.

Namgeukia mume wangu, ananijibu, "Kwani wewe ulikuwa unavisoma?"

Makasha nimempa Bi Sonobe yote. Nikamwambia, "Subiri kidogo dada, nguo za Tetsuro bado nazikunja."