Kitenge Kwenye Kigoda

Makambako,
3 Julai 2024

Mjukuu wangu Lidia,

Kamwene. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo unayajua: simu kwangu ni mlio wa nyuki tu. Ndiyo maana nikakuomba tuandikiane kwa kalamu. Barua zako zipige picha, umtumie Janeth wa steshenari ya karibu na stendi, atanichapia. Zangu atakurushia kwa njia hiyohiyo. Afya yako je? Na mabega yanasemaje chini ya lile begi?

Huku baridi imeunguza majani ya viazi. Baba yako Anania amepiga simu kwa Janeth kutoka Njombe, akitaka nimweleze kama binti anayezunguka pwani peke yake na begi mgongoni ana akili timamu. Nilimjibu kwamba mwalimu mpya anayekwenda kuyaona magofu kabla ya kuyafundisha ana akili kunizidi mimi, niliyefundisha historia mpaka nikastaafu bila kuiona bahari.

Jambo moja nalirudia, ingawa unalijua. Baba yako mdogo Remmy alipotea Ziwa Nyasa, kule Manda, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Mwili haukupatikana. Tulizika koti lake, na mimi mwenye msiba nikatamka pale kaburini kwamba hakuna wa damu yetu atakayepanda tena chombo cha majini. Matanga yale hayajaanuliwa mpaka leo, kwa hiyo neno bado linasimama. Bahari itazame, iingie mpaka magotini, lakini usiipande.

Na usije ukarudi na kijana wa Pangani. Mchumba wako bado niko hai.

Babu yako,
Hosea


Tongoni, Tanga,
14 Julai 2024

Babu,

Shikamoo, na kamwene. Mimi sijambo, mabega yamezoea. Wewe na kifua chako mnaendeleaje na baridi hiyo?

Nianze na lawama. Sweta ulilonilazimisha kubeba limekuwa mto wa kulalia. Ili lipate nafasi niliacha Njombe kitenge changu cha bluu, na hapa pwani kitenge ndicho kingenifaa kila siku. Wahudumu wa nyumba ya wageni ya Bagamoyo walilishika sweta lile kwa zamu, wakaniuliza kama kwetu kuna theluji. Nikawaambia kwetu kuna babu.

Magofu ya Kaole nimeyaona. Pangani nililala karibu na hoteli kubwa za ufukweni, ambako wageni wanalala kwenye mchanga kama mahindi yaliyoanikwa. Mlinzi mmoja aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema nimekuja mwenyewe. Akazunguka nyuma yangu kuhakikisha.

Hapa Tongoni kuna makaburi yenye nguzo. Kwenye kuta zake kuna mashimo ya mviringo ambamo zamani walipachika mabakuli ya kauri kutoka China. Nimeingiza mkono kwenye shimo moja, Babu. Ulituchorea ubaoni mwaka ule uliponifundisha darasa la sita, na ulichora sawasawa.

Nateremka Kilwa sasa.

Mjukuu wako,
Lidia


Makambako,
19 Julai 2024

Mjukuu wangu Lidia,

Kamwene. Naendelea vizuri, na barua yako imenipandisha kimo. Niliisoma kwa sauti pale steshenari, na watu waliokuja kutoa kopi za vyeti wakasahau vyeti vyao. Mama mmoja wa Igwachanya aliuliza huyo binti ni wa nani. Nilimwacha angoje kidogo kabla sijamjibu.

Sasa nikueleze Kilwa, ili macho yako yajue pa kutua. Dhahabu ilitoka bara, kusini kabisa, ikashuka mpaka pwani ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika mlango wa biashara hiyo. Watu wake walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Utasikia habari za Msikiti Mkuu wenye makuba, na jumba la Husuni Kubwa lenye birika la kuogea la pembe nane. Birika hilo wanafunzi wangu walikuwa hawalikosei kwenye mtihani, maana niliwapimia uwanjani kwa kamba, wakasimama kila mmoja kwenye pembe yake.

Vyote hivyo viko kisiwani, wewe na mimi tunajua. Utavitazama ukiwa ufukweni Kilwa Masoko. Nadhani itatosha.

Babu yako,
Hosea


Kilwa Masoko,
26 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Ni mzima, nakula samaki na wali wa nazi, na nimefikia kwa Bi Somoe, mjane anayepangisha vyumba. Natumaini nawe u mzima.

Haitoshi, Babu. Nimesimama hapa siku kadhaa. Kisiwa ni karibu kiasi kwamba naona watu wakitembea, na ngome ya zamani naiona iko wazi ukingoni mwa maji. Msikiti siuoni. Husuni Kubwa siioni. Boti zinavuka asubuhi na kurudi mchana, na abiria wanavaa majaketi ya kujiokoa. Kina mama wenye vikapu vya mihogo wanapanda huku wanapiga soga.

Bi Somoe aliniuliza kwa nini kila siku nakwenda gatini na sipandi. Nilipomweleza, hakucheka. Alisema neno la mzazi mfiwa hata wao wanaliogopa.

Naomba unifungue. Mwakani huenda nikapangiwa shule, nisimame mbele ya watoto niwaambie habari za Kilwa. Nataka niwaambie nilivyoiona. Ukisema hapana, nitarudi nyumbani na sitanung'unika. Kinyume na neno lako sitapanda.

Mjukuu wako,
Lidia


Kilwa Masoko,
5 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo. Je, unaumwa? Janeth anasema barua yangu ulipewa, ukaikunja, ukaondoka bila kusema kitu. Baba amenipigia simu. Amesema nirudi, hakuna cha kungoja. Begi nimelifunga. Basi linaondoka keshokutwa alfajiri, lakini nitaliacha kama neno lako litakuwa bado njiani.

Lidia wako


Makambako,
8 Agosti 2024

Mjukuu wangu Lidia,

Kamwene. Siumwi. Nilikuwa Njombe, na mambo ya ukoo hayaendi kwa mwendo wa picha za Janeth.

Nikueleze utaratibu, maana siku moja utakuwa juu yako. Neno lililotamkwa kaburini huondolewa palepale kaburini na aliyelitamka, ukoo ukiwepo, na anayefunguliwa akiwa amekaa kwenye kigoda mbele yao. Hapo ndipo tulipokwama. Baba yako alikataa kuja mara ya kwanza, na mara ya pili. Aliponijia hatimaye pale kaburini, alisimama, hakukaa.

"Baba," alisema, "neno ulilitamka wewe, lakini aliyelibeba miaka yote ni mimi. Remmy alikuwa mdogo wangu. Na huyo unayetaka kumfungua yuko wapi? Utamfungua mtu asiyekuwepo?"

Wazee wakamuunga mkono. Nikalitazama kaburi, kisha nikawaomba wanijibu swali moja la darasani. Pale chini amelala nani? Wakasema Remmy. Nikasema pale kuna koti, na tulikubaliana sote kwamba koti ni Remmy, tukalia, tukalifukia kwa heshima zote. "Ukoo uliokubali koti kaburini hauwezi kukikataa kitenge cha Lidia kwenye kigoda."

Nilidhani Anania anaondoka, maana alinipa mgongo akaelekea nyumbani. Alirudi na kitenge chako cha bluu, kile ulichokiacha kwa ajili ya sweta langu. Kilikuwa kimekunjwa vizuri. Alikitandika yeye mwenyewe kwenye kigoda, akakinyoosha pembe zote, ndipo akakaa chini kando yake.

Nikachukua maji mdomoni, nikayapuliza juu ya kaburi, kisha juu ya kitenge. Nikawaambia neno lile lilitufaa siku ile, lilituzuia tusimfuate Remmy majini. Sasa limefanya kazi yake, na linaondoka kwetu sote.

Baba yako aliongeza jambo moja tu: ulivae hilo jaketi, na ulifunge kamba zote.

Vuka, Lidia. Vuka kwa ajili ya wote niliowapimia birika kwa kamba.

Babu yako,
Hosea


Kilwa Masoko,
10 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo, na Baba naye shikamoo yake.

Nimevuka. Basi la alfajiri nililiacha liondoke, nikangoja neno lako. Nilifunga kamba zote mpaka nahodha akaniuliza kama nataka kupumua. Katikati ya maji nilimtaja Baba Mdogo Remmy kwa sauti. Mama wa mihogo aliyekaa jirani yangu alisema "Amina" bila kuuliza.

Nimesimama chini ya makuba ya Msikiti Mkuu. Nilisema jina lako, Babu, na makuba yakanirudishia. Husuni Kubwa iko juu ya mwamba, na birika ni kavu. Nilishuka ndani, nikasimama kwenye kila pembe kwa zamu. Zote nane zipo.

Mjukuu wako,
Lidia


Manda, Ludewa,
24 Agosti 2024

Mjukuu wangu Lidia,

Kamwene. Mwili umechoka kwa safari lakini moyo umekaa vizuri. Barua hii ataipiga picha mwalimu mmoja wa hapa.

Usishangae anwani. Barua yako niliisoma steshenari, kisha nikaisoma kanisani baada ya matangazo, mchungaji akanikubalia. Baba yako aliomba nimwachie ile karatasi, na nasikia sasa anawaonyesha wateja wake wa mbao, akiwaeleza pembe nane kana kwamba alikuwepo. Mimi nikaona matanga ya mwanangu hayataanuliwa na mtu mwingine. Nilifunga begi, nililala Lugarawa, nikafika hapa jana. Anania alitaka kunisindikiza. Nilimwambia kuna binti katika familia hii ametembea pwani nzima peke yake, na mimi nisindikizwe?

Ziwa leo limetulia. Nimepatana na mvuvi anipeleke mbele kidogo, mahali wanapokumbuka kwamba boti aliyopanda Remmy ilionekana mara ya mwisho. Nitamuaga mwanangu, kisha nirudi nianue matanga. Nimevaa jaketi, kamba zote nimezifunga. Tayari nimekaa ndani ya chombo, naandika goti likiwa meza.

Kitenge chako nimekuja nacho, nimekitandika ubaoni kando yangu. Mvuvi ameniuliza hapo nimemwekea nani. Nimemwambia ni pa mjukuu wangu, mwalimu, aliyefika Kilwa.

Amesema basi mjukuu asogee kidogo, chombo kisiinamie upande mmoja. Nimekusogeza.

Babu yako,
Hosea