Shule ya Watoto Elfu Tatu na Annika Wetu

Mpendwa Bi. Lorraine,

Nakuandikia nikiwa nimekwama kabisa, maana mimi na mume wangu Curt tumefika mahali hatusemezani vizuri kwa ajili ya binti yetu Annika, ana miaka kumi na tano, mwaka huu ameanza ile sekondari kubwa ya serikali hapa kwetu nje kidogo ya Minneapolis, ina wanafunzi zaidi ya elfu tatu, na sikatai kwamba ina kila kitu, maabara, okestra, hata karakana ya magari ambako mtoto anarudi na grisi mpaka kwenye nywele huku anatabasamu, lakini wiki iliyopita tulikwenda kuonana na walimu, na mwalimu wa hesabu akamsifu Annika jinsi anavyochangamka darasani na anavyocheza mpira wa wavu, na mtoto wangu hachezi mpira wowote, Bi. Lorraine, alikuwa anamzungumzia Annika mwingine! Curt akacheka. Mimi nikalia kwenye gari.

Annika akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mama, acha bwana. Hata chakula cha mchana nakula kwenye ngazi, nimezoea."

"Umesikia?" nikamwambia Curt. "Mtoto anakula kwenye ngazi!"

"Atapata marafiki, Jo. Mimi nimesoma palepale, mbona nilitoka mzima?"

"Wewe ulikuwa kipa wa hoki! Nani asingekujua?"

Basi kesho yake nikapiga simu shule ndogo ya kanisa, wana watoto sitini tu, mkuu wao anamwita kila mmoja kwa jina, nikakubali nafasi, wanamtarajia baada ya Krismasi, na Curt hajui, Annika hajui, na karakana hawana. Nimekosea?

Joanne

Joanne mpenzi,

Umekosea, ndiyo. Machozi yako nayaelewa, mzazi gani asingelia? Na Curt wako alistahili kufinywa kwa kile kicheko. Lakini mwalimu yule hakumwona binti yako, na wewe siku ya pili ukamwamulia maisha bila kumtazama. Mna tofauti gani?

Leo, kabla hamjainuka mezani, waambie wote wawili. Curt atafoka, mwache afoke. Kesho nendeni pamoja kwa mshauri wa wanafunzi pale shule kubwa, mumweleze habari ya ngazi bila kupunguza neno, na muulize kama mwalimu wa karakana anaweza kumfungulia Annika mlango saa ya chakula. Wengi hukubali wakiombwa, ila hakuna anayewaomba. Kisha Annika akashinde siku nzima kwenye hiyo shule ya kanisa, bila wewe.

Baada ya hapo aseme yeye, nyinyi mnyamaze, na najua nani itamuwia vigumu zaidi. Akitaka kuhama, Curt asimbeze. Akitaka kubaki, mpigie mkuu wa ile shule ya kanisa siku hiyohiyo, umeze aibu yako. Kuna mtoto wa mwenzio anaisubiri nafasi hiyo.

Lorraine