Dirisha la Barazani

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu. Marahaba yako najijibia mwenyewe, tena kwa ile sauti yako nzito.

Arubaini yako tumeisoma, watu wakajaa mpaka uchochoroni. Kesho yake nikafungua kliniki yako hapa mtaani Malindi. Nikaweka meza mpya katikati ya chumba, nikafunga madirisha ili kiyoyozi kifanye kazi, nikavaa koti langu jeupe. Wagonjwa wako wakaja, wakakaa barazani kama kawaida, wakaingia mmoja mmoja.

"Hujambo, Zuhura mwanangu?"

Nikiwauliza nini kinawasumbua, ati hawana neno, wamekuja kunitazama tu. Mzee Haji, yule mchukuzi wa bandarini, kakonda kabaki mifupa, naye ananambia hajambo kabisa! Siku nenda siku rudi ni hivyo hivyo. Nilikasirika, Baba, kisha nikalia. Miaka yote ile ya kusomea udaktari, kumbe kwao mimi bado ni yule mtoto aliyekuwa akicheza nage hapo nje. Basi nikaamua kufunga, niende nikatafute kazi hospitali.

Na chumba hiki, wallahi, kinavyoniuma! Ulikikuta ghala la karafuu, ukakipaka chokaa kwa mikono yako, Mama akikushikia ngazi na mimba yangu tumboni. Mpaka leo mvua ikinyesha kuta zinanukia karafuu.

Siku niliyokuja kufungasha vitu vyako umeme ukakatika. Joto, usiseme. Nikafungua dirisha la barazani, nikakaa kwenye kiti chako kikuukuu, pale pale ulipokuwa umekigandisha ukutani, chini ya dirisha hilo. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini usikae katikati kama madaktari wengine. Ukanijibu, "Watu wetu ndani husema adabu. Maradhi yao huyasema barazani." Mimi nikidhani unanitania.

Mara nikamsikia Mzee Haji huko nje, anamwambia jirani yetu Bi Mize: "Mwenzangu, usiku kucha mimi na choo, choo na mimi. Na kiu hii, utadhani nimelishwa chumvi!"

Nikamwita ndani. Hujambo, mzee? Sijambo, mwanangu, sijambo kabisa. Nikamuuliza, na hiyo kiu imeanza lini?

Akanitazama, akalitazama dirisha, akaangua kicheko. "Haya! Sasa daktari kapatikana!"

Sukari ilikuwa imempanda vibaya sana, nikampeleka hospitali siku ile ile. Sasa hajambo, na hapa nasema hajambo ya kweli, nimempima mwenyewe. Kaninunia tu kwa kumkataza halua.

Lakini sikiliza, Baba, hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Walikuwa wanajua! Wewe ukijiona mjanja, unawasikiliza kwa kuibia, kumbe wenyewe wakipaza sauti makusudi. Bi Mize kanieleza huku anacheka mpaka ushungi unamtoka. Mtu mzima ataanzaje kumwambia daktari mambo ya chooni, macho kwa macho? Huliambia dirisha. Hata mgonjwa mgeni akija, wenyeji humwonyesha upande wa kukaa. Na mimi nilikuwa nimewafungia dirisha lao, kisha nanuna kwamba hawasemi.

Ulikuwa ukijua kwamba wanajua? Natamani ningekuuliza, nikuone utakavyocheka.

Sifungi tena. Meza nimeisogeza ukutani na kiyoyozi nshakizima. Barazani sasa hapana nafasi, na kelele zao, mashaallah, zinafika sokoni. Nakuahidi, maadamu mimi nipo, dirisha hili litakuwa wazi na kitini pana mtu.

Mungu akupe kauli thabiti, Baba yangu, na kaburi lako alifanye pana. Nakuaga kwa leo.

Jioni hii, walipokwisha kuondoka wote, nilitoka nikakaa barazani, upande ule wa wagonjwa. Nikaligeukia dirisha, nikapaza sauti: "Sijambo, Baba. Sijambo kabisa."

Mwanao,
Zuhura