Jiwe la Kijani Ulilolichemsha

Kwako kaka,

Salamu nakupa kwa kuwa mama alitufundisha kusalimu kwanza. Afya yako sina wasiwasi nayo, haya ndiyo iliyokuhama. Sisi tupo. Mama bado anasumbuliwa na kifua, na anakuulizia, ingawa si kwa wema kama zamani.

Jiwe limefika, pamoja na ujumbe wako mtamu wa kuniita fundi bingwa. Miaka yote nikipachika mawe ya rangi ulikuwa ukiyaita peremende, ukisema mwenye akili huuza almasi tu. Sasa maharusi wameichoka almasi, wanataka kijani, bluu na nyekundu, na wewe umebandika tangazo dirishani mwa duka lako kwamba mawe ya rangi ni fani yako tangu ujana. Una uso mkavu, kaka.

Unasema zumaridi hili umelipata kwa mchuuzi. Kwako mawe ya kijani yote ni mamoja, ndiyo maana ukadhani ukiling'oa kwenye pete ya mama sitalitambua. Kona yake iliyomeguka niliinyoosha mimi mwenyewe. Tena umelichemsha kwa sabuni, kama unavyochemsha almasi zako. Zumaridi hulishwa mafuta ili nyufa zisionekane. Ukilichemsha, mafuta yanatoka na nyufa zinajianika. Leo unataka nililishe mengine, mteja wako asishtuke.

Pete ilipotea siku uliyokuja kumjulia mama hali. Ulikaa sebuleni na chai yako, ukatazama yule dada anayemhudumia mama akipekuliwa mkoba na kufukuzwa huku analia. Ukasema wasaidizi wa siku hizi hawaaminiki. Nakuchukia kwa neno hilo kuliko kwa jiwe lenyewe. Nimemfuata kwake kumwomba radhi, na kwa ajili ya mama tu, amekubali kurudi.

Sasa nikwambie usilolijua. Pete ile mama alimwekea binti yako, akanikataza kusema hadi harusi yake ikaribie. Mtoto amekuwa akikuomba pete ya jiwe la kijani, ukamjibu kuwa ni ghali mno, halafu ukaiba lake ili umuuzie mgeni.

Nilimsomea mama ujumbe wako wote. Akaniambia nisilitie mafuta wala nisilisugue. Nimelipachika kwenye pete mpya, na nyufa zake zote, na mama amemvisha mjukuu wake kwa mkono wake. Mtoto ameipenda mno, ila ameuliza nani aliliharibu jiwe. Mama amemwambia aje dukani akuulize wewe.

Msalimie wifi, yeye sina ugomvi naye. Nawe ukija huku, piga hodi mlangoni na ungoje ufunguliwe, kama wageni wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Peremende